Ziba ufa, lakini uanze na upi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia tuanze na ufa upi. Angalia ukuta wa tofali za udongo hapa Mbebe: ufa mmoja mkubwa, na nyufa ndogo kibao kuuzunguka. Je, zote ni hatari sawa? Hapana. Inategemea zimekaa wapi.

Fikiria nguvu inayovuta ukuta kama maji ya mto. Yakikutana na jiwe yanazunguka, na pembeni mwa jiwe yanakwenda kasi zaidi. Nguvu nayo haiwezi kupita kwenye uwazi wa ufa, kwa hiyo inazunguka na kusongamana kwenye ncha zake. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza Alan Griffith alionyesha kwamba ufa ukirefuka mara 4, nguvu inayotosha kuuendeleza inapungua kwa nusu.

Sasa turudi kwenye nyufa ndogo. Zikiwa mbele ya ncha ya ufa mkubwa, kwenye mstari uleule, misongamano inajumlishana. Kile kipande kizima kilichobaki katikati kinabeba mzigo wa pande zote mbili. Kikikatika tu, nyufa zinaungana na unapata ufa mrefu kwa mara moja. Lakini zikiwa ubavuni, zimelala sambamba na ule mkubwa, zinaukinga: nguvu imeshazunguka kabla ya kuufikia. Sio kwamba ukuta umekuwa imara, ila ncha ya ufa mkubwa inapumua kidogo.

Tarehe 28 Aprili 1988, ndege ya Aloha Airlines ilichanika paa ikiwa angani huko Hawaii, na mhudumu mmoja akapoteza maisha. Nyufa ndogondogo kwenye matundu ya ribiti, zilizopangana mstari mmoja, ziliungana. Kila moja peke yake ilionekana si kitu.

Nasi Songwe tuko ndani ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Ziwa Rukwa lilipigwa na moja ya matetemeko makubwa kabisa kurekodiwa Afrika Mashariki.

Kwa hiyo chukua penseli. Weka alama kwenye ncha ya kila ufa na uandike tarehe, kisha kagua kila mwezi. Ukiona ufa umevuka alama yake, na mbele yake kuna mwingine unaungoja, mwite fundi. Huo ndio wa kuanza nao.