UYOGA MKAVU KAMA KAUKAU

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwenye karatasi hii afuate kwa kidole wakati wa kusikiliza, kisha asome tena peke yake.

MWALIMU: Karibuni darasani. Wenye miwani waivae, wenye kalamu waishike. Leo tunaingia jikoni. Pamoja nami yupo mama mmoja wa darasa letu la jioni. Kazi yake ni upishi katika nyumba ya watu, hapa Dar es Salaam. Mama, hujambo?

MAMA: Sijambo, Mwalimu. Habari za kazi?

MWALIMU: Njema. Waeleze wenzako jambo lililokuleta.

MAMA: Mwalimu, pale ninapopika wamenunua chombo kipya cha kukaangia. Hakina moto, wala hakitaki karai la mafuta. Kina vitufe na tarakimu tu. Bibi mwenye nyumba akaniambia, "Tupikie uyoga ukauke kama kaukau. Usitie mafuta mengi, wala nyama, wala mayai, maana wageni hawali vitu hivyo." Mwanangu akanisomea mapishi: 190, dakika 15. Nikabonyeza 190, nikabonyeza 15. Uyoga ukatoka laini kama sifongo iliyolowa. Siku ya pili nikaona haya, nikapandisha mpaka mwisho, 400, dakika 25. Ukatoka makaa. Jumamosi wageni wanakuja tena. Nina hofu ya kupoteza kazi yangu kwa ajili ya uyoga.

MWALIMU: Pole sana. Hebu nikuulize. Baada ya ile tarakimu 190, palikuwa na herufi gani?

MAMA: Herufi? Sikuitazama.

MWALIMU: Basi tutairudia. Wasikilizaji, wekeni alama hapo, maana kosa la Mama limejificha katika herufi moja.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Mjini watu hukiita eya fraya. Sisi katika somo hili tutakiita kikaango cha hewa. Kampuni ya Philips ilikionyesha mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 2010, na aliyekibuni ni Mholanzi, Bwana Fred van der Weij. Ndani yake, juu, mna waya mnene unaopata moto wa umeme. Juu ya waya huo mna feni. Chini mna kikapu chenye matundu. Feni inasukuma hewa ya moto kwa nguvu, hewa inazunguka chakula pande zote na kupita matunduni, kisha inarudi juu kupata moto tena. Kwa kweli jina la kukaanga ni la heshima tu. Chombo hiki kinaoka, ila kinaoka kwa upepo, na kwa sababu tumbo lake ni dogo, kinaoka upesi. Ni kama nguo uliyoianika: siku ya upepo hukauka mapema kuliko siku ya jua bila upepo.

Sasa uyoga. Uyoga si nyama, na wataalamu wanatuambia si mmea pia. Ni jamii ya ukungu na hamira. Katika gramu 100 za uyoga mbichi, gramu 90 hivi ni maji. Hapo ndipo ilipo kazi yetu yote. Kitu hakiwezi kukauka na kuvunjika mdomoni wakati maji yamo ndani, na maji hayaondoki upesi mpaka yachemke, yaani mpaka yafike nyuzi 100 za Selsiasi. Maji yakishatoka juu ya chakula, joto la pale juu linapanda, na rangi ya kahawia inatokea pamoja na ile harufu nzuri. Mfaransa mmoja, Louis-Camille Maillard, alieleza habari ya rangi hiyo mwaka 1912: ni protini na sukari zinazoungana kwa joto. Ndiyo rangi ya ganda la mkate na ya nyama ya kuchoma.

Uyoga una jambo jingine la kupendeza. Kuta zake zimejengwa kwa kitu kiitwacho kaitini, ambacho ndicho kilichomo katika gamba la kamba wa baharini. Kwa hiyo hata ukiupika muda mrefu haupondeki kama boga. Una kitu cha kutafuna. Ndiyo maana wasiokula nyama wanaupenda.

MAMA: Mwalimu, basi niokote ule wa porini baada ya mvua? Sokoni ni ghali.

MWALIMU: Mama, hapa nasimama kidogo, na ninawaomba wasikilizaji wote wasimame nami. Wako wazee wa Iringa na Tabora wanaoujua uyoga wa misitu yao tangu utoto, na sisi hatuwafundishi. Lakini mtu asiyejua asiokote. Uko uyoga wa jamii ya Amanita wenye sumu ambayo haiondoki kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga, wala kwa kukausha. Hewa ya moto haiifanyi kitu. Aliyeula anaweza kukaa saa 6, saa 12, hata zaidi, bila kuona lolote. Kisha hutapika na kuhara. Kisha hupata nafuu, na watu wa nyumbani humshukuru Mungu, kumbe ini linaharibika. Wengi wamekufa baada ya nafuu ile.

Tena msidanganywe na majaribio ya kale. Watu husema: tia kijiko cha fedha, kikigeuka rangi kuna sumu. Wengine husema: ukiliwa na wadudu ni salama. Yote si kweli. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo hata kama amepata nafuu, na chukueni mabaki ya uyoga ule mwonyeshe daktari.

Kwa kazi yetu nunueni uyoga uliolimwa. Ulio mzuri zaidi ni ule unaoitwa mamama, mweupe au wa kijivu, wenye umbo la sikio. Wakulima wetu huuotesha ndani ya mifuko ya mabua, pumba au maganda ya pamba. Chagueni mkavu usioteleza wala kunuka.

Haya, Mama, andika.

Chukua uyoga robo kilo. Usiuloweke, maana unanywa maji. Upanguse kwa kitambaa. Ukiwa na vumbi, upitishe majini upesi kisha uukaushe. Uchane kwa mkono kufuata nyuzi zake, vipande vya upana wa kidole.

Katika bakuli tia unga wa dengu vijiko vikubwa 6, wanga wa muhogo vijiko vikubwa 3, chumvi nusu kijiko cha chai, bizari nusu kijiko, na pilipili kiasi chako. Tia maji ya baridi vijiko 6 au 7, kidogo kidogo, ukikoroga, mpaka uwe mzito kama maziwa ya mgando. Unga wa dengu ndio unaokaa mahali pa yai. Una protini, unashika. Wanga wa muhogo ndio unaoleta ule ukavu wa kuvunjika, kwa kuwa unavimba kwa maji halafu unakauka kuwa ganda gumu.

Katika sahani ya pili weka chenga za mkate mkavu, bilauri moja. Chovya kipande katika uji wa dengu, kikung'ute, kigaragaze katika chenga. Usiruke hatua hii. Karai la mafuta linaugandisha uji mara moja, lakini kikaango cha hewa hakina mafuta ya kuugandisha, na uji mtupu utachuruzika matunduni. Unga mkavu mtupu nao utapeperushwa na feni. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilitia unga mkavu. Nilipofungua, unga ulikuwa umeketi juu ya waya, na uyoga uko uchi.

Pakaza mafuta kijiko kikubwa 1 kwa brashi, kote juu. Mafuta hayo kidogo ni lazima, maana yanapeleka joto na kuleta rangi. Washa chombo kitupu dakika 3 kipate moto. Panga vipande safu moja, visigusane. Dakika 7, vuta kikapu, geuza. Dakika 7 tena.

MAMA: Robo kilo nzima haitoshi katika safu moja.

MWALIMU: Haitoshi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pika mara mbili. Ukirundika, mvuke wa kipande cha chini unakilowesha cha juu, na umerudi kwenye sifongo yako. Vikiiva, viweke juu ya wavu, si ndani ya bakuli lenye kifuniko. Viandaliwe katika saa hiyo hiyo. Vikilala, virudishe chomboni dakika 3 au 4.

Sasa ile herufi. Joto lina vipimo viwili. Kimoja ni Selsiasi, alama yake C. Cha pili ni Farenhaiti, alama yake F. Mapishi aliyosoma mtoto wako yalisema nyuzi 190 za C. Chombo chako kilikuwa katika F. Tunajuaje? Kwa sababu kilikubali kupanda mpaka 400. Vyombo vya C kwa kawaida huishia 200 au zaidi kidogo. Sasa tupige hesabu. Toa 32 katika 190, inabaki 158. Zidisha kwa 5, gawanya kwa 9. Tunapata karibu 88.

MAMA: Nyuzi 88! Hata maji hayachemki!

MWALIMU: Hata maji hayachemki. Uliutia uyoga wako mahali pa joto kama chai iliyoanza kupoa. Na siku ya pili, 400 ya F ni kama 204 ya C. Joto lenyewe halikuwa baya sana, lakini dakika 25 zilikuwa nyingi mno. Jumamosi tafuta F, kisha weka 375, ambayo ni sawa na 190 ya C. Hukukosea kusoma tarakimu. Uliishia njiani tu, kabla ya herufi.

Maneno mawili ya umeme. Chomboni pameandikwa wati, herufi W, mara nyingi 1500. Yuniti moja ya umeme ni wati 1000 kwa saa moja. Mapishi yetu mara mbili huchukua kama nusu saa, basi hayazidi robo tatu ya yuniti. Lakini usikichomeke pamoja na birika la umeme la wati 2000 katika waya mmoja wa nyongeza. Jumla ni 3500, na waya wa ampea 13 hubeba kama 3000 tu. Utapata moto, na nyumba imeungua namna hiyo zaidi ya mara moja. Wala usiweke karatasi tupu kikapuni wakati wa kupasha, feni itairusha kwenye waya.

MAMA: Na watoto wangu, Mwalimu? Niwape uyoga badala ya maharage?

MWALIMU: La. Gramu 100 za mamama mbichi zina protini kama gramu 3. Maharage yaliyopikwa yana kama gramu 9. Uyoga wape kwa utamu. Maharage yabaki sufuriani. Na kama hamna chombo hiki nyumbani, uji ule ule wa dengu bila chenga unafaa katika karai, kama bajia, ila uyoga utanywa mafuta.

Tukutane juma lijalo. Kwaherini.

KAZI YA DARASA

1. Chombo kimeonyesha 350 F. Hiyo ni C ngapi? Andika hesabu yote.
2. Kwa nini Mama hatakiwi kurundika vipande kikapuni?
3. Tafuta chombo kimoja cha umeme nyumbani au kwa jirani. Nakili daftarini tarakimu iliyo mbele ya herufi W.