Fluoroskopi: Ununue mashine mpya au iliyokarabatiwa?

JE, wewe ni daktari au mwenye kliniki na unanuia kununua mashine ya fluoroskopi? Au pengine ni mgonjwa uliyeagizwa ukapigwe picha kwa mashine hiyo? Basi kuna jambo unalopaswa kulifahamu kabla ya kuuliza bei.

Eksirei ya kawaida hutoa picha moja iliyotulia. Fluoroskopi huonyesha viungo vya mwili vikifanya kazi, mithili ya sinema. Daktari huweza kuona dawa ya bariamu ikiteremka kooni, au mfupa uliovunjika ukirudishwa mahali pake. Hata hivyo, miale ya eksirei humwingia mgonjwa kwa muda wote ambao daktari amekanyaga swichi.

Madhara ya miale hii yalijulikana mapema. Wilhelm Röntgen aliigundua mwaka wa 1895, na mwaka uliofuata Thomas Edison wa Marekani akatengeneza fluoroskopi. Msaidizi wake, Clarence Dally, aliungua vibaya, ikabidi akatwe mikono, na hatimaye akafariki mwaka wa 1904.

Mashine nyingi kuukuu zina tyubu maalum ya kuongeza mwanga wa picha. Tyubu hiyo hufifia kadiri miaka inavyopita. Inapofifia, mashine hujiongezea miale yenyewe ili picha isiwe na giza. Daktari huona picha safi kwenye skrini, asijue kwamba mgonjwa anapokea miale mingi kuliko inavyohitajika. Kwa hivyo, usinunue mashine kwa kutazama picha yake pekee.

Mashine nyingi mpya hutumia bamba la kidijitali badala ya tyubu hiyo, na tatizo hilo la kufifia hupungua sana. Lakini bei yake ni ya juu. Iliyokarabatiwa vyema yaweza kukufaa, hasa iwapo kliniki yako ina wagonjwa wachache. Usichanganye tu iliyokarabatiwa na mtumba uliopanguswa vumbi na kupakwa rangi. Kukarabati ni kuifungua mashine, kubadilisha sehemu zilizochakaa, kuipima upya na kuandika matokeo.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali haya:

• Ilitengenezwa mwaka gani? Sheria za Marekani zinataka kila mashine iliyotengenezwa kuanzia Juni 10, 2006 ionyeshe kiasi cha miale inachotoa, na ibakishe picha ya mwisho kwenye skrini ili daktari aitazame baada ya kuondoa mguu kwenye swichi. Isiyo na mambo hayo mawili, iache.

• Tyubu zake zilibadilishwa lini? Dai karatasi za vipimo. Nchini Marekani, kiwango cha juu katika matumizi ya kawaida ni miligrei 88 kwa dakika.

• Je, vipuri vingali vinatengenezwa, na kuna fundi humu nchini anayeifahamu mashine hiyo? Mashine ya bei nafuu inayokaa miezi ikingojea kipuri ni hasara tupu.

• Inahitaji umeme kiasi gani, na itastahimili vipi umeme unapokatika ghafla?

Aidha, hapa Kenya huwezi kuagiza wala kutumia mashine ya eksirei bila leseni. Shughuli hiyo husimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2019. Iwe mpya au iliyokarabatiwa, mwanafizikia wa matibabu aipime baada ya kufungwa na kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingia. Kuta na milango ya chumba pia ikaguliwe.

Katika hesabu yako, tia aproni za risasi na mafunzo ya wafanyakazi. Wafunze pia kukaa mbali inapowezekana, kwani anayeongeza umbali maradufu hupata takriban robo tu ya miale.

Nawe mgonjwa, usiogope uchunguzi unaouhitaji. Lakini una haki ya kuuliza kwa nini unafanyiwa, na mashine ilipimwa lini. Ikiwa una mimba, au unashuku kuwa nayo, sema kabla ya kulala mezani.

Mwenye kliniki anayeweza kujibu maswali hayo bila kubabaika amenunua vyema, hata kama mashine yake si mpya.