Dhahabu ya uzeeni: usiingie mkenge!

Ndugu yangu uliyeko Marekani, eti unataka akiba yako ya uzeeni, ile akaunti ya IRA, igeuke sarafu za dhahabu? Taratibu! Hata dhahabu ya kweli si yote inayokubalika.

Sheria ya kule inataka usafi usiopungua asilimia 99.5. Buffalo, iliyoanza mwaka 2006, ni karati 24, inapita bila kelele. Krugerrand ya Afrika Kusini ni karati 22, inagonga mwamba. Eagle nayo ni karati 22, lakini imepewa ruhusa maalumu. Mtoto wa nyumbani bwana! Tena Eagle ya aunsi moja ina dhahabu gramu 31.1 sawa na Buffalo. Fedha na shaba zimeongezwa tu ili iwe ngumu.

Balaa ni kuzificha nyumbani. Mwaka 2021 mahakama ya kodi iliamua kwamba mama mmoja aliyeweka Eagle zake kwenye kasiki nyumbani amekwisha zitoa kwenye akaunti. Akatakiwa kulipa kodi!

Basi muulize muuzaji: unaongeza kiasi gani juu ya bei ya dhahabu, na nani atazitunza? Akijiumauma, chapa lapa!