Namna ya Kumhudumia Chura Aliyejeruhiwa

Mvua za masika zinapoanza, vyura hutoka mafichoni na kuonekana kwa wingi katika nyua na mitaro ya Segerea, hususani karibu na bonde la Mto Msimbazi. Baadhi yao hujeruhiwa kwa majembe, mafyekeo na magurudumu ya bodaboda. Wengine humwagiwa chumvi ili waondoke. Makala haya yanaeleza hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua.

Ngozi ndiyo jambo la msingi

Chura hanywi maji kwa kinywa. Huyafyonza kupitia ngozi, na sehemu ya hewa anayoihitaji hupita humo humo. Hivyo, vitu vingi vinavyogusa ngozi yake huingia mwilini. Chumvi humkausha na inaweza kumuua. Sabuni, spiriti, dawa za kuua vijidudu na marhamu za binadamu nazo humdhuru, hata zikitumiwa kwa nia njema.

Taifa letu linao mfano wa jinsi maji yalivyo uhai kwa viumbe hawa. Chura wa Kihansi aliishi katika manyunyu ya maporomoko ya mto huo. Manyunyu yalipungua baada ya maji kuelekezwa kwenye uzalishaji wa umeme mwaka 2000, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Aliokolewa na waliotunzwa Marekani, ambao baadhi yao walirejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010.

Hatua za kufuata

1. Osha mikono, suuza sabuni yote, kisha mshike chura mikono ikiwa na maji.

2. Mweke katika ndoo au boksi lenye matundu ya hewa, kivulini, juu ya kitambaa chenye unyevu. Weka kisahani cha maji ya kina kifupi, asije akazama.

3. Tumia maji safi ya mvua. Maji ya bomba yenye klorini yaachwe wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa.

4. Aliyemwagiwa chumvi aoshwe mara moja kwa maji safi mengi, bila kusubiri.

5. Jeraha dogo lisuuzwe kwa maji hayo tu, na kitambaa kibadilishwe kila siku.

6. Baada ya siku moja, mpe wadudu hai kama mchwa au panzi wadogo, wasiopuliziwa dawa. Asipewe wali wala nyama.

Iwapo mfupa umevunjika au utumbo umetoka nje, usijaribu kumtibu. Muone Afisa Mifugo wa Kata au daktari wa mifugo.

Usalama wa familia

Kumgusa chura hakuoteshi sugu mwilini. Hata hivyo, tezi zilizo nyuma ya macho ya baadhi ya vyura hutoa majimaji meupe yenye sumu. Watoto wasimshike bila uangalizi, na kila aliyemgusa anawe kwa sabuni kabla ya kushika macho au chakula. Mbwa wasimkaribie.

Kumrudisha

Chura si mnyama wa kufugwa. Akishaweza kuruka na kula vizuri, arudishwe jioni karibu na mahali alipookotwa, mbali na barabara. Asiyejeruhiwa lakini ameingia ndani, mwondoe kwa ndoo au fagio laini. Chumvi ibaki jikoni.