Kompyuta Zifike Nkoma Pamoja na Fundi Wake

Mtoto wa mkulima wa pamba wa Nkoma, mkoani Simiyu, akiisha kupata matokeo ya kidato cha nne na kutaka kubadili masomo aliyoyachagua, yampasa aingie katika mtandao wa Serikali. Akimaliza kidato cha sita, maombi ya mkopo wa elimu ya juu nayo hupokewa kwa mtandao. Basi kijana asiyepata kugusa kompyuta shuleni humkabidhi karani wa duka namba yake ya mtihani na nywila yake, humlipa, na karani akikosea, hasara ni ya mtoto.

Kwa hiyo, ndugu, kompyuta mashuleni si anasa. Palikuwa na wakati Taifa liliona vingine; mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siku hizo zimepita. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, ile ya elimu ya msingi ikafuata mwaka 2007, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022 wakagawiwa walimu. Hapana awezaye kusema kwamba hakuna lililotendwa.

Lakini kugawa ni jambo moja, na kutumia ni jingine. Wengi hulaumu umeme. Hata hivyo, nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini zikisha kusimama, huzuka swali la nani anunue luku. Tangu Januari 2016, ada ya shilingi 20,000 ya mwanafunzi wa kutwa ilipofutwa, mkuu wa shule hutazamia ruzuku, na ruzuku hiyo hiyo ndiyo inunuayo chaki na karatasi za mitihani. Kifurushi cha intaneti hutoka mfukoni mwa mwalimu. Ni mfanyakazi gani apendaye kumnunulia mwajiri wake jembe kila mwezi?

Tena kuna kufuli. Kompyuta ikiharibika kwa vumbi la kiangazi, fundi yuko mbali. Mkuu wa shule, kwa kuogopa kuulizwa, hufunga chumba. Twamwelewa, ila hatumsifu.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa makundi, wakisikiliza redio. Haikuwa redio peke yake iliyofanya kazi ile. Kabla ya kipindi cha kwanza, maelfu ya viongozi wa makundi walikuwa wamekwisha kufundishwa, na vitabu vimekwisha kuchapwa. Leo twaleta chombo kwanza, kisha twamtafuta wa kukitumia; na mwalimu akipata semina ya siku mbili mjini, twahesabu kwamba amehitimu!

Twadai mambo machache: fundi mmoja wa kuzunguka shule zote za wilaya, fungu la luku na intaneti lisilochanganywa na chaki, na mafunzo yatolewayo shuleni penyewe, juu ya kompyuta zile zile zilizopo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Madiwani na waulize, kabla ya siku hiyo, fungu hilo limeandikwa ukurasa gani.