Barakoa ya gesi isiyotunzwa ni mtego

WASAFIRI wengi wa barabara ya Nairobi na Mombasa huujua mji wa Voi kama mahali pa kunywa chai na kunyoosha miguu. Lakini ukiiacha barabara kuu na kushika njia za kwenda Mwatate, Kasigau au Kuranze, utakuta watu ambao riziki yao iko chini ya ardhi. Hawa ni wachimbaji wa vito: rubi ya Mangari na tsavoraiti, lile jiwe la kijani lililopatikana Taita Taveta mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupewa jina la Tsavo.

Jiwe hilo hupambwa pete za matajiri ng'ambo. Vumbi lake hubaki kifuani mwa aliyelichimba.

Siku hizi wachimbaji wengi, pamoja na wapuliza dawa mashambani na wapaka rangi za magari kwenye gereji za jua kali, wamejinunulia barakoa za gesi. Nazungumzia ile inayofunika uso mzima kuanzia kipaji hadi kidevuni, yenye kioo mbele na mkebe mmoja au miwili ya kuchuja hewa. Nyingine ni mpya, nyingine ni mitumba. Ni jambo jema mtu kujikinga. Hata hivyo, barakoa mbovu humpa mtu ujasiri wa kukaa mahali ambapo bila barakoa angetoka mbio. Ndiyo maana nasema ni mtego.

Haitengenezi hewa

Kwanza elewa kifaa hiki hufanya nini. Barakoa ya gesi huchuja hewa iliyopo, haitengenezi hewa nyingine. Hewa ya kawaida ina oksijeni kiasi cha asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 19.5, wataalamu wa usalama huhesabu mahali hapo kuwa pa hatari, hata ukivaa barakoa ya bei gani. Shimo refu, kisima, tangi la maji au pipa la kuhifadhia nafaka huweza kukosa oksijeni bila harufu wala dalili yoyote. Mtu huanguka kabla hajatambua kuna tatizo.

Tena kuna gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo hutoka kwenye jenereta, pampu ya maji ya petroli na baruti iliyolipuliwa. Haina rangi wala harufu, na mkaa ulio ndani ya mikebe ya kawaida hauwezi kuinasa. Wako wanaoshusha mshumaa shimoni kupima hewa. Mshumaa unaweza kuendelea kuwaka vizuri huku kaboni monoksaidi ikiwa ya kutosha kumuua mtu.

Majirani zetu wa Mererani, Tanzania, walijifunza kwa uchungu. Juni 2002 zaidi ya wachimbaji 30 wa tanzanaiti walikufa kwa kukosa hewa baada ya mtambo wa kupeleka hewa shimoni kuacha kufanya kazi. Dawa ya shimo ni hewa safi inayosukumwa kutoka juu. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate kwa sababu tu umevaa barakoa. Mvute kwa kamba aliyofungwa kabla ya kushuka. Kama hakufungwa, pelekeni hewa kwanza na muite waokoaji wenye mitungi ya hewa.

Mkebe gani kwa kazi gani?

Kosa la pili ni kudhani mikebe yote ni sawa. Kwa mfumo wa Ulaya, ambao vifaa vingi madukani huufuata, rangi ya mstari ndiyo lugha ya mkebe. Kahawia ni ya mvuke wa thina, rangi na dawa nyingi za kunyunyiza. Kijivu ni ya gesi kama klorini. Manjano ni ya salfa daioksaidi, na kijani ni ya amonia. Nyeupe ni ya vumbi.

Mchimbaji anayetoboa mwamba anahitaji kichujio cha vumbi, cheupe, na kile chenye alama P3 ndicho bora. Akivaa mkebe wa kahawia mtupu, mkaa wake hautamkinga na vumbi la mawe. Kadhalika mpaka rangi akivaa kichujio cha vumbi peke yake, mvuke wa thina utapita kama maji kwenye chekecheke. Mfumo wa Marekani una rangi tofauti, kwa hiyo soma maandishi pia, usitegemee rangi pekee.

Mgonjwa na barakoa yake

Mchimbaji mmoja wa makamo aliwahi kunijia akilalamika kwamba anaishiwa na pumzi kila anapopanda mlima. Alikuwa ametibiwa kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake hayakuonyesha viini. Picha ya eksirei ilionyesha makovu mapafuni, ya aina inayoletwa na vumbi la mawe yenye silika. Ugonjwa huo huitwa silikosisi.

Alishangaa sana, kwani kwa miaka kadhaa alikuwa akivaa barakoa ya uso mzima. Nilimwomba aje nayo. Kichujio chake alikuwa akikifua kwa sabuni kila Jumamosi na kukianika juani. Kijiwambo cha mpira kinachotolea pumzi kilikuwa kimechanika. Naye mwenyewe alikuwa na ndevu nzuri zilizojaa. Kwa kweli alikuwa akivuta vumbi karibu sawa na asiyevaa kitu.

Chembe zinazoleta silikosisi ni ndogo mno, hazionekani kwa macho, na hufika mwisho kabisa wa mapafu. Zikishaacha kovu, hakuna dawa ya kuliondoa. Mwenye silikosisi pia hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika ya aina hii miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Jipime kila unapovaa

Vaa barakoa, kaza mikanda ya chini kwanza, kisha ya juu. Usikaze hadi ikuumize. Halafu fanya majaribio mawili.

La kwanza, ziba matundu ya mikebe kwa viganja na uvute pumzi taratibu. Barakoa inapaswa kujikunja kidogo usoni na kubaki hivyo kwa sekunde 10. Ikilegea, hewa inapenya mahali. La pili, ziba tundu la kutolea pumzi na upumue nje polepole. Barakoa inapaswa kuvimba kidogo bila hewa kutoroka mashavuni.

Kama inavuja, tafuta sababu kwa utaratibu huu:

Ndevu. Hata za siku mbili huacha mwanya. Nyoa.

Miwani. Mikono ya miwani ikipita chini ya mpira, huufungua. Wanaohitaji miwani hutumia fremu maalum inayokaa ndani ya barakoa.

Kijiwambo cha kutolea pumzi. Chembe moja ya mchanga au mate yaliyokauka hukizuia kufunga. Kisafishe. Kikiwa kimejikunja au kuchanika, nunua kingine cha muundo uleule. Usikibandike kwa gundi wala kukata kingine kwenye tyubu ya baiskeli.

Mpira wenyewe. Ukinata, ukiwa mgumu au una nyufa unapoukunja, barakoa hiyo imezeeka.

Ukivaa na kupumua kukawa kuzito, kichujio kimejaa vumbi. Kibadilishe. Usikioshe, usikigongegonge, wala usikipulize kwa kompresa, maana utakitoboa usione. Ukianza kusikia harufu au ladha ya dawa ndani, ondoka mara moja uende kwenye hewa safi. Mkebe umechoka au kuna uvujaji. Kioo kikijaa ukungu, angalia kikombe cha ndani kinachofunika pua na mdomo. Mara nyingi kimekaa vibaya au vijiwambo vyake vimepotea.

Kuosha na kuhifadhi

Kila baada ya kazi toa mikebe kwanza, kisha osha barakoa kwa maji vuguvugu, sabuni laini na brashi laini. Kuua viini, iloweke kwa dakika mbili katika maji yenye mililita 1 ya dawa ya klorini ya kufulia kwa kila lita 1. Suuza vizuri, kwani klorini ikibaki huwasha ngozi na kuharibu mpira. Anika kivulini. Petroli, mafuta ya taa na thina ni sumu kwa mpira. Kioo usikisugue kwa kitambaa kikavu chenye vumbi.

Joto la Voi halina huruma kwa mpira. Usiiache barakoa juu ya paa la kibanda au kwenye dashibodi ya gari, wala usiitundike msumarini kwa mkanda, kwa maana itapoteza umbo. Iweke ndani ya kopo lenye kifuniko. Mikebe ya gesi ihifadhi katika mfuko uliofungwa kabisa, kwani ikishafunguliwa mkaa wake huanza kunyonya unyevu hata ukiwa umelala. Iandike tarehe uliyoifungua. Watengenezaji wengi hutaka itupwe baada ya miezi sita, na kabla ya hapo ikiwa imetumika sana. Iliyopitwa na tarehe usiinunue hata kwa bei ya kutupa. Vichujio vya zamani vya majeshi navyo viache dukani, baadhi vilitengenezwa kwa asbesto.

Ngao ya mwisho

Msomaji, barakoa ni ngao ya mwisho. Kabla yake kuna maji: ukitoboa mwamba uliolowa, vumbi jingi hubaki chini. Kuna hewa inayosukumwa shimoni, na kuna kusubiri baada ya kulipua. Mwenye pumu au ugonjwa wa moyo amuone daktari kabla ya kuvaa barakoa ya aina hii, kwani huongeza kazi ya kupumua.

Ukiwa umeajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga bila kukutoza. Ugonjwa unaotokana na kazi nao umo katika sheria ya fidia ya mwaka huohuo. Mchimbaji anayejitegemea hana wa kumdai, kwa hiyo na ajihesabie kichujio katika gharama za kazi kama anavyohesabu baruti na unga.

Na kama una ndugu Mkuki, Kamtonga au Kasigau anayekohoa kwa zaidi ya wiki mbili, usingoje akonde. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari bila kuulizwa: huyu ni mchimbaji. Neno hilo moja linaweza kubadilisha uchunguzi wote.