Mji Huu Unamlaza Nani?

Basi likishapita Gairo jioni ya mwezi wa tano, abiria wa Dodoma huanza kupiga simu. Mwenye shangazi anamwarifu shangazi atandike. Mwenye rafiki wizarani anauliza kama ile lodge ya jirani bado ina nafasi. Asiye na mtu anatazama kwenye simu picha za vitanda vyeupe na taulo lililokunjwa kama bata, anasoma bei, anaguna. Bunge la bajeti huanza Aprili na kumalizika Juni, na chumba alicholala kwa Sh35,000 mwezi wa pili sasa kinatajwa kwa Sh50,000. Akisita, mhudumu anamwambia kwa upole kwamba nyuma yake yupo mwingine.

Kazi imenilaza katika miji mingi ya nchi hii, na karibu kila ushauri niliopewa kuhusu pa kulala ulihusu usafi: kagua shuka, nusa choo, bonyeza swichi, fungua bomba. Ni ushauri mzuri, ila unafaa ukiwa umeshafika mlangoni na begi mkononi, giza limeingia, na huna pengine pa kwenda. Swali lenye faida huulizwa kabla ya hapo: mji huu unamlaza nani? Hakuna anayekopa benki akajenga vyumba ishirini kwa ajili ya mgeni yeyote tu. Amemjengea abiria wa basi, au mtumishi mwenye posho, au mfanyabiashara mwenye marobota, au ndugu wa mgonjwa, au wapenzi wa saa mbili. Bei, saa ya kurudisha funguo, unene wa ukuta, hata ukubwa wa ndoo bafuni, vyote vinamfuata huyo. Ukiingia nyumba iliyojengewa mwingine, utalipia usivyovihitaji na kukosa ulivyovifuata.

Hata neno lenyewe linapoteza watu. Shuka Makambako mchana uulize hoteli, na pengine utaonyeshwa wali maharage. Pa kulala ni gesti, au lodge kama pana geti na maegesho. Ukivuka Namanga kuingia Kenya utasikia lojing. Kwa mteja wa kawaida tofauti kubwa ni choo. Chumba cha self kina choo na bafu ndani. Kisicho self kinakutembeza koridoni usiku na kandambili za watu wote.

Abiria ndiye aliyejenga gesti nyingi za barabara kuu, na kilichomgeuza abiria kuwa mteja ni sheria. Tangu miaka ya 1990 mabasi yalizuiwa kutembea usiku kucha. Basi la Bukoba au Mwanza likikutwa na saa ya mwisho njiani lilisimama, na watu waliobaki bila la kufanya walitafuta kitanda. Miji iliyokuwa katikati ya safari ndefu ilipata wateja bila kuwatangazia chochote. Mwaka 2023 zuio likaondolewa, mabasi yakaruhusiwa saa 24. Abiria alifurahi. Mwenye gesti ya njiani ndiye aliyebaki akihesabu funguo zilizoning'inia ukutani.

Stendi nazo huhama. Kwa miaka mingi aliyefika Dar es Salaam kutoka mkoani alishuka Ubungo, na gesti za Manzese, Ubungo na Sinza zilimpokea. Kituo kipya cha mabasi cha Mbezi Luis kilizinduliwa Februari 2021, na kitovu cha biashara hiyo kikasogea kilomita kadhaa magharibi. Hadi leo kuna wageni wanaochukua chumba Sinza kwa kuwa mjomba aliwaambia ni karibu na stendi. Alisema kweli, ila ni kweli ya zamani. Asubuhi wanalipa bajaji au pikipiki pesa ambayo ingewaongezea chumba chenye kiyoyozi.

Kisha ikaja treni. SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya 2024, na safari iliyomaliza siku nzima barabarani ikawa ya saa nne hivi au pungufu. Mtu anaondoka alfajiri, anahudhuria kikao, usiku yuko kwake Kimara. Kwa lodge ya Dodoma huo ni usiku mmoja ulioyeyuka, ingawa wenye lodge wenye moyo hujibu kwamba safari ikiwa rahisi vikao huongezeka. Wakenya walilionja hili mapema: treni ya Mombasa hadi Nairobi ilipoanza 2017, miji ya njiani kama Mtito Andei, iliyozoea kuwalisha na kuwalaza wasafiri na madereva wa malori, ililalamika kwamba wateja wamepungua.

Kwa msafiri mgeni maana yake ni hii. Katika mji uliopoteza walalaji wake vyumba vipo, na bei inazungumzika. Usikubali ya kwanza. Lakini kumbuka gesti ya stendi imejengewa mtu anayeingia saa tano usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Wapiga debe wanaanza kuita kabla ya adhana. Kama una usaili saa tatu, lala mitaa miwili nyuma.

Dodoma ni habari nyingine kabisa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ni wa 1973, lakini kishindo chenyewe kilikuja baada ya tangazo la Rais Magufuli mwaka 2016, na 2018 manispaa ikawa jiji. Wizara zilihama na watumishi wake, na nyuma yao wakaja wote wenye shida na wizara: wakurugenzi wa halmashauri, makandarasi, walimu wanaofuatilia madai, wachungaji wanaosajili makanisa. Mji wa aina hii bei yake haipangwi na kitanda. Inapangwa na posho. Serikali ilipopandisha posho za safari za watumishi mwaka 2022, kima cha juu kikafika Sh250,000 kwa siku, na sidhani kama kuna mwenye lodge aliyehitaji kusomewa waraka ule. Chumba hakikuongezwa tofali. Kiliongezewa televisheni kubwa zaidi na bei mpya.

Mlalaji wa posho anataka risiti ya EFD, maegesho, intaneti, na chai ya asubuhi ndani ya bei. Wewe unayelipa kutoka mfukoni unaweza kuishi bila hayo, kwa hiyo tafuta nyumba isiyoyauza. Na jua kalenda yake. Mji wa vikao hujaa Jumapili usiku hadi Alhamisi. Ijumaa jioni magari yanaelekea Dar es Salaam, na lodge iliyokunyima punguzo Jumanne inakuita kaka. Bagamoyo mambo ni kinyume: siku za kazi unachagua chumba, mwisho wa wiki unachaguliwa. Zanzibar kalenda ni ya mvua. Aprili na Mei, masika yanapotandika, baadhi ya hoteli za ufukweni hufunga kabisa na zilizobaki wazi husikiliza. Julai na Agosti hazisikilizi mtu.

Kariakoo kuna nyumba ambazo mgeni wa mapumziko hatazielewa. Vyumba vidogo, ngazi nyembamba, mapokezi yamejaa marobota yaliyozungushiwa utepe wa gundi. Aliyejengewa ni mfanyabiashara wa Lubumbashi, Lusaka au Moroni anayekuja kununua mzigo: anataka kulala juu ya soko, awe na pa kuweka bidhaa, na mhudumu anayemjua wakala wa usafirishaji. Atakuambia hoteli ile ni bora kuliko zote jijini, na kwake yeye ni kweli. Karibu na hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC mlalaji ni ndugu wa mgonjwa. Huyo anakaa wiki mbili, tatu, kwa hiyo omba bei ya wiki, na uliza kama unaruhusiwa kupika uji.

Halafu kuna gesti isiyokuhitaji kabisa. Hesabu yake ni rahisi: chumba kinachouzwa mara tatu kwa siku kwa wanaopumzika kinaingiza zaidi ya kinachochukuliwa na msafiri mmoja anayekoroma hadi asubuhi. Ndiyo maana Ijumaa jioni unaambiwa chumba kitapatikana saa nne usiku. Ukuta wake ni mrefu kuliko jengo lenyewe, taa ya nje ni nyekundu au haipo, na mapokezini kuna bei mbili. Sina neno na wateja wake. Ila mlango unaofunguliwa na kufungwa kila baada ya saa moja si wa mtu aliyetoka Tunduma kwa basi.

Na nyota? Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli kuanzia nyota moja hadi tano, na Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda zimevitumia kukagua hoteli zao. Ni kazi ya maana kwa mtalii na kwa wakala wake. Lakini nyumba nyingi anazolala Mswahili wa kawaida hazimo kwenye orodha hiyo kabisa, na nyingine zimejichorea nyota kwenye ubao wa nje kwa rangi ya dhahabu. Tena nyota hupima kilichopo: lifti, ukubwa wa chumba, jiko, vifaa vya moto. Haikuambii kama bomba lina maji leo.

Maji ndiyo siri ya biashara hii ambayo picha haionyeshi. Dodoma ni kavu, inategemea sana visima vya Mzakwe, na mji umekua haraka kuliko mabomba. Lodge yenye simtank mbili na pampu si sawa na yenye simtank moja na ahadi. Umeme nao ni gharama: mgawo wa mwishoni mwa 2023 uliwafundisha wageni kuuliza kama kuna jenereta, na ukawafundisha wenye nyumba kuandika kwamba lipo bila kuandika kwamba huwashwa saa moja hadi saa nne usiku tu. Huko Njombe na Mbeya mwezi wa sita na wa saba usiulizie feni, uliza hita ya maji na blanketi la pili. Tanga, uliza kiyoyozi na chandarua kisichotoboka. Mtu wa Pwani anayekwenda Makete kwa mara ya kwanza huwa anauliza maswali ya kwao.

Kuhusu anayekupeleka: tovuti za kuuzia vyumba, Booking.com ikiwa kubwa kati ya hizo, huishi kwa kamisheni, na asilimia 15 ya bei ni kiwango cha kawaida. Bodaboda wa stendi anaishi kwa kamisheni pia, noti moja au mbili anazopewa mapokezini ukishapanda ngazi. Nawaheshimu wote wawili, ila sijidanganyi kwamba wananitafutia mimi. Tovuti ina faida ya maoni ya waliolala. Yasome kwa tarehe, ya miezi mitatu ya karibuni kwanza, kwa kuwa picha mara nyingi ni za wiki ya ufunguzi, kabla rangi haijatoka na meneja mzuri hajahamia kwa jirani. Kisha tafuta namba ya lodge yenyewe upige. Mwenye nyumba ndogo anayejua hatalipa kamisheni mara nyingi hukushushia kitu.

Ukipiga, uliza bei yote kwa shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo anayekutajia dola kwa chumba cha Moshi ana mazoea ya zamani. Uliza pia kama VAT imo. Gesti ndogo ambazo mauzo yake hayajafika kiwango cha kusajiliwa hazitozi kodi hiyo; hoteli kubwa hutoza, na baadhi huitaja asubuhi ya kuondoka. Usiku wa kuingia utaombwa kitambulisho na kujaza kitabu cha wageni: jina, unakotoka, unakokwenda, kazi yako, vingine bado vina safu ya kabila, na sijawahi kukutana na mhudumu anayeweza kunieleza inasaidia nini. Soma na tangazo lililobandikwa nyuma ya mlango. Mwisho wa kukabidhi chumba saa nne asubuhi. Pesa ikilipwa hairudishwi. Hilo la pili linatekelezwa kwa uaminifu mkubwa.

Wenye mitaji sasa wanaitazama AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa pamoja, na Arusha, ambako uwanja mpya unajengwa, ndiko macho mengi yaliko. Mashindano yatapita ndani ya wiki chache. Vitanda vitabaki, na Arusha itabidi ijiulize itamlaza nani vikishabaki.

Mwezi wa tano uliopita nilikuwa na siku tatu za kazi Dodoma. Sikwenda kutazama picha. Nilipiga namba niliyopewa na dereva wa wizara moja, akapokea dada mwenye sauti ya usingizi.

"Samahani dada, maji yapo?"

"Yanatoka kwa zamu kaka, ila tuna matangi matatu."

"Na wateja wenu wengi ni akina nani?"

Akanyamaza kidogo, nadhani alidhani mimi ni wa mapato. "Walimu," akasema. "Wanaokuja kufuatilia madai."

Walimu wanalala mapema, wanaamka mapema, na wanajua bei ya kila kitu. Nikaomba Lipa Namba, nikatuma pesa ya usiku wa kwanza.